Usukani unatikisika kuanzia spidi 70 na rimu ya ndani imelowa oili: Land Cruiser HZJ75 ya 1994, naombeni msaada wa ekseli ya mbele

Dengu Kavu (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Nina pikapu yangu HZJ75, injini ya 1HZ, ekseli ngumu mbele na springi za majani. Kazi yake ni kubeba dengu na choroko, na nusu ya maisha yake inaishia kwenye vumbi la Lalago kwenda Mwanhuzi. Anayeijua barabara ile wakati wa kiangazi anazijua zile rasta zake, yaani vimatuta vilivyopangana.

Tatizo lenyewe: nikiwa spidi 65 hadi 70, tairi la kulia likigonga shimo dogo tu, usukani unaanza kutikisika kushoto kulia kama mtu anayekataa posa. Hautulii mpaka nipunguze hadi 30. Abiria wangu wa mwisho alikuwa shemeji yangu, alishuka Maswa akapanda basi.

Nilichofanya mpaka sasa: balansi ya matairi mara mbili, tai rodi endi (ncha za vyuma vinavyounganisha usukani na matairi) zote mpya, na shokapu mpya ya usukani. Hiyo shokapu ilituliza mambo kwa wiki tatu nikafurahi, halafu ugonjwa ukarudi na hasira. Gereji niliyoipeleka sasa wananiambia tubadilishe boksi ya usukani. Hapo ndipo nikasema ngoja niulize kwanza.

Jambo la pili, sijui kama linahusiana. Ndani ya rimu ya kulia kuna uchafu mweusi, mzito kuliko oili na mwepesi kuliko grisi. Unatoka nyuma ya tairi, kwenye lile tufe la chuma linalozunguka ukikata kona. Nikifuta leo, keshokutwa umerudi.

Natanguliza shukrani.

Kijana wa Gerezani

Uzi bila picha ni tetesi.

Dengu Kavu

Picha nimeweka hapo juu mkuu, labda bando lako ndilo linatikisika.

Nyundo ya Shaba (Arusha)

Acha kabisa hiyo boksi ya usukani. Usitoe hata shilingi.

Nimefungua ekseli za hizi gari za watalii tangu zilipokuwa mpya, na wewe mwenyewe umeshataja majibu mawili, ila umeyataja kama maswali. Huo uchafu mweusi mwembamba ni oili ya difu imechanganyika na grisi. Mle ndani kuna vyumba viwili. Bomba la ekseli lina oili ya gia. Tufe na nako, yaani ile nyumba inayogeuka pamoja na tairi, zina grisi ya sivi jointi, kile kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekata kona. Kati yao kuna sili moja ya ndani, ndogo, inayokumbatia shafti. Ikichoka, oili inahamia kwenye grisi, inaiyeyusha, na mchuzi wake unatokea nje kupitia ule mpira wa kufutia tufe. Mtu anaona mpira wa nje unavuja, anabadilisha mpira wa nje. Mwezi mmoja tu, umelowa tena. Ule mpira kazi yake ni kuzuia vumbi na maji. Oili haikuwahi kuwa kazi yake.

Sasa ndani ya hiyo nako kuna beringi mbili za kingipini, moja juu moja chini. Ndizo zinazobeba uzito wakati tairi linageuka. Grisi yake ikishaoshwa na oili ya gia, zinakufa. Zikifa, nako inalegea, na tairi linapata uhuru ambao halikupewa. Shokapu ya usukani inaficha huo uhuru kwa muda. Ndiyo maana ulipona wiki tatu.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Inua upande wa kulia kwa jeki, weka stendi. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, tikisa tena. Breki inafunga habu (kitovu kinachoshika tairi) na nako ziwe kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ugonjwa ni beringi za tairi. Ukibaki vilevile, ni kingipini. Ukishika kushoto na kulia likacheza, hapo ndipo unatazama tai rodi.

Leta majibu.

Landi Haifi

Mnateseka na vitu vya Kijapani. Njooni kwenye Land Rover.

Nyundo ya Shaba

Land Rover nayo ina tufe hilohilo, tena lina kromu. Kromu ikishaliwa na kutu ikawa na vishimo, hata uweke sili ya dhahabu itachanwa. Ndiyo maana wenyewe mlihama mkaanza kujaza grisi laini mle ndani badala ya oili, ili isivuje haraka. Karibu, kaa, lakini usije na maneno hayo.

Landi Haifi

Nimekaa mzee wangu. Ila uvujaji kwetu ni ishara kwamba oili bado ipo.

Dengu Kavu

Shikamoo fundi. Nimefanya jaribio leo asubuhi, kijana wangu akakanyaga breki mpaka miguu ikamtetemeka. Juu na chini tairi linacheza. Na breki imekanyagwa, linacheza vilevile. Niliweka kidole kati ya nako na tufe nikasikia kabisa chuma kinapanda na kushuka. Upande wa kushoto upo mchezo kidogo sana, sina hakika nao.

Kwa hiyo ni kingipini. Fundi wa mtaani ananitajia laki mbili na nusu ya mkono kwa pande zote mbili, lakini anataka kutumia tindo kwenye nati za habu. Nimeamua nitafungua mwenyewe Jumamosi. Ninunue nini?

Nyundo ya Shaba

Marahaba. Nunua seti kamili ya vipuri kwa kila upande: beringi mbili za kingipini, sili ya ndani, seti ya vifuta tufe (kitambaa cha manyoya, mpira na vipande vya chuma), gasketi, sili ya habu, na washa ya kufungia nati. Beringi za tairi ukizikuta nzima zioshe tu uzirudishe. Grisi chukua yenye molibdeni kwa ajili ya sivi jointi na nako, na nyingine ya kawaida ya beringi kwa ajili ya habu. Oili ya difu nayo utaimwaga, maana huko ndani imeshapungua.

Azima soketi ya milimita 54. Tindo ni haramu. Nati ikishapigwa tindo, kingo zinaoza, chembe za chuma zinadondokea kwenye beringi, na hakuna tena namna ya kujua umekaza kiasi gani.

Kijana wa Gerezani

Kuhusu vipuri, dukani usiangalie boksi, angalia beringi yenyewe. Maandishi ya orijino yamechongwa yakatulia, ya feki yanafutika kwa kucha na petroli. Ukiweza nenda na ile ya zamani mkononi, linganisha namba na uzito.

Mama Samurai (Moshi)

Wakuu naomba nichomekee. Mimi nina Suzuki Samurai, gari ndogo lakini ekseli ya mbele ni ngumu hivyohivyo na ina kingipini zake. Ilinitikisa mwaka mzima. Fundi akaniuzia shokapu ya usukani, kisha ya pili yenye nguvu zaidi, kana kwamba mtoto ana malaria unamnunulia blanketi zito. Dada yangu ndiye aliyenishauri kubadilisha beringi za kingipini. Zilikuwa ndogo kama za baiskeli, zimejaa kutu nyekundu. Kuanzia siku hiyo natoka Moshi hadi Same mkono mmoja.

Dengu Kavu usiogope kufungua mwenyewe. Chukua picha kila hatua, na vitu vya juu usivichanganye na vya chini.

Dengu Kavu

Jumapili usiku, mgongo hauko sawa, lakini naandika ikiwa bado mbichi.

Nilianza saa moja asubuhi. Tairi nje, kalipa nikaining'iniza kwa waya kwenye springi ili isivute hozi ya breki. Nati 6 za friwili (kile kifaa cha kuunganisha au kuachia tairi la mbele na shafti) zikatoka vizuri. Chini ya kila nati kuna washa yenye umbo la koni iliyokatwa upande mmoja, na hapo ndipo nilipokaa saa nzima. Hazitoki kwa bisibisi. Mwishowe nikafuata ushauri wa jina la mzee wetu: nikaweka kipande cha shaba pembeni ya kichwa cha stadi, nyundo moja nzito, tang! Koni ikaruka ikapita sikioni kwangu. Zilizobaki nikaziacha na nati imefungwa nyuzi mbili ili zisiruke mbali.

Nati za habu zilikuwa na makovu ya tindo. Kuna mtu alipita hapa kabla yangu. Washa ya kufungia haikukunjwa kabisa, imewekwa tu bapa kama sahani.

Habu ikatoka, bolti 8 za stabu (mhimili mfupi ambao habu inazunguka juu yake) zikatoka, nikagonga stabu kidogo. Mchuzi ukamwagika. Wakuu, ile siyo grisi. Ni uji wa kijivu, na harufu ya oili ya gia ikajaa uani mpaka mke wangu akafunga dirisha. Nilikusanya karibu nusu ndoo ya lita 5. Nikavuta shafti pamoja na sivi jointi yake, nikaiweka kwenye beseni la dizeli.

Sasa kingipini. Mimi nilitegemea kukuta beringi zimesagika. Beringi ya chini kwa macho inang'aa. Lakini nilipoifuta na kuigeuzia juani, nikaona kikombe chake (pete ya nje ambamo rola zinatembea) kina mistari, vishimo virefu vimepangana kwa nafasi sawa, kama alama za meno kwenye embe. Kila kishimo ni mahali ambapo rola moja imekaa miaka yote. Nikapitisha ukucha: tak, tak, tak.

Swali: hivi vinatokana na nini? Na la pili, shafti ina mfereji mahali ambapo sili ya ndani inakaa, unaushika kwa ukucha. Sili mpya itaziba kweli?

Nyundo ya Shaba

Umeona vizuri, na wengi hawavioni kwa sababu hawafuti. Beringi ya tairi inazunguka mzunguko kamili, kwa hiyo inalika sawasawa. Ya kingipini inageuka kidogo tu, na asilimia kubwa ya safari gari limenyooka. Kila rasta ya Lalago inagonga rola zilezile kwenye sehemu zilezile za kikombe. Baada ya miaka rola zinajichimbia makaburi. Ndiyo maana gari likiwa limenyooka unasikia usukani una kajishimo katikati, halafu ukikata kona unalainika. Vikombe vyote vitoe, gonga kwa shaba kwa kuzunguka, usigonge upande mmoja. Vipya vikiingia sikiliza mlio: ukibadilika ukawa mzito, kimekaa.

Mfereji kwenye shafti: ukiwa mdogo, sili mpya usiizamishe mpaka mwisho kama ile ya kwanza. Iache nje kwa milimita moja au mbili ili mdomo wake ukae kwenye chuma kipya. Iingie sawa pande zote, ikikaa mshazari umepoteza siku. Mfereji ukiwa mkubwa, tafuta shafti nyingine.

Na kabla hujafunga, nenda kaangalie kipumulio cha difu. Kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Nina hakika kimeziba.

Dengu Kavu

Nimetoka kukiangalia sasa hivi na tochi. Kimejaa udongo wa mfinyanzi, nimekichokonoa kwa sindano. Kikofia hakichezi kabisa. Kinahusika vipi?

Nyundo ya Shaba

Msimu wa mvua ulifunga friwili ukaacha?

Dengu Kavu

Miezi mitatu mfululizo. Nilikuwa naona uvivu kushuka kwenye matope.

Nyundo ya Shaba

Basi difu ya mbele ilikuwa inazunguka safari nzima na kupata joto. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, inatafuta pa kutokea. Kipumulio kimeziba, inasukuma oili kupita sili. Halafu unaingia mtoni, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, inavuta maji kupitia sili zilezile. Visha mpira mwembamba kwenye kipumulio uupandishe mpaka kwenye injini, hilo tatizo limeisha.

Shangingi la Baba (Dar)

Mimi nina Land Cruiser VX ya 1995, ile ya toleo la 80, haina friwili, inavuta miguu minne muda wote. Nikikata kona hadi mwisho inasema ta-ta-ta-ta upande wa kushoto. Hiyo nayo ni kingipini?

Nyundo ya Shaba

Hapana, hiyo ni sivi jointi. Kwenye VX inafanya kazi kila mita ya safari, kwa hiyo inalika mapema kuliko ya Dengu Kavu. Ndani yake kuna goroli sita, na mifereji yake imelika upande mmoja, ule unaosukuma gari mbele. Kama bado haijapasuka, kuna njia ya mafundi ya kuipa umri: hamisha sivi jointi ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto, ili zisukume kwa upande ambao haujalika. Lakini shafti za ndani zibaki kila moja upande wake, urefu haufanani kwa sababu difu haiko katikati. Sivi jointi inatoka kwenye shafti kwa kugongwa, kuna kipete kinachoishikilia.

Shangingi la Baba

Kwa hiyo napata miaka mingine bure?

Nyundo ya Shaba

Unapata muda. Idadi ya miaka muulize mguu wako wa kulia.

Baragoi Express (Isiolo)

Niaje watu wa Bongo. Huu uzi ni moto sana. Ongezeni hii: ule mkono wa usukani unaofungwa kwenye nako, zile stadi zake ziko na washa za koni pia. Ukimaliza kazi, endesha siku mbili tatu, kisha urudi ukaze tena. Mimi sikukaza. Nilikuwa natoka Maralal kuenda Baragoi, nikasikia gari inavuta kushoto, nikafikiri ni pancha. Kushuka, stadi mbili zimekatika na ya tatu imelegea, mkono unaning'inia. Kama ingekuwa kwenye mteremko saa hii singekuwa naandika. Nililala hapo na mbuzi wa wenyewe.

Landi Haifi

Hata mimi hapo sina utani. Hiyo ni hatari.

Dengu Kavu

Kazi ya jana, Jumamosi ya pili.

Vikombe vipya vimeingia. Sasa nikafika kwenye zile shimu, vibati vyembamba kama karatasi vinavyokaa kati ya nako na vifuniko vya beringi. Mzee aliniambia kwa simu: ukipunguza shimu beringi zinabanwa zaidi, ukiongeza zinalegea, na za juu na za chini zisichanganywe kwa sababu ndizo zinazoiweka nako katikati ya tufe. Nilikuwa nimezifunga kwenye mifuko miwili tofauti, asante Mama Samurai.

Kupima mkazo kunahitaji mizani ya springi. Duka la vifaa hawana. Nikakumbuka jirani yetu anauza sangara na anapimia ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Nikamwomba kwa nusu saa. Shafti haijaingia bado, vifuta tufe havijafungwa. Nikaweka ndoano kwenye tundu la tai rodi, nikavuta taratibu kwa pembe mraba, nikasoma pale nako inapoendelea kutembea, siyo pale inapoanza kunyanyuka.

Kwa shimu za zamani ilisoma kilo 2 kasoro. Nikatoa kibati kimoja chembamba juu, nikakaza, ikasoma 4 na nusu. Inatembea nzito, laini, bila kajishimo katikati. Nikamtumia mzee video akasema acha hapo hapo.

Halafu nikafanya ujinga. Nimefunga nako, nimekaza mkono wa usukani, nageuka naona ule mpira wa kufuta tufe uko kwenye meza unanitazama. Ni duara kamili, lazima uvishwe kwenye tufe kabla nako haijarudi. Nikafungua yote upya. Kuna jamaa mmoja alinishauri niukate kwa kisu niunganishe na gundi, nikakataa, nimeshaona mikono ya watu wa njia ya mkato kwenye nati zangu.

Sivi jointi nimeijaza grisi ya molibdeni kwa kusukuma na kiganja mpaka ikatokea upande wa pili, na nako nimeijaza kama robo tatu. Habu: nikakaza nati ya ndani huku nazungusha, nikalegeza, nikakaza tena kidogo, nikakunja washa kama inavyotakiwa. Kipumulio kimevaa mpira hadi karibu na chujio la hewa.

Leo nimekwenda nayo Magu na kurudi. Spidi 80, mashimo nimeyatafuta mwenyewe kwa makusudi. Usukani umetulia. Boksi ya usukani ni ileile.

Mama Samurai

Hongera sana kaka. Shemeji ameambiwa?

Dengu Kavu

Ameambiwa, anasema atapanda akiona mtu mwingine amepanda kwanza.

Nyundo ya Shaba

Kazi nzuri kijana. Kaza stadi baada ya siku mbili kama alivyosema ndugu wa Isiolo, na ukifika kilomita 1,000 inua tairi uangalie habu upya, beringi mpya zinakaa. Upande wa kushoto lini?

Dengu Kavu

Jumamosi ijayo mzee. Nimetoa tai rodi upande huo nikapima juujuu, hata na vifuta tufe vikiwa vimeshika haifiki kilo 2, kwa hiyo na wenyewe umechoka.

Shida iliyobaki ni mizani. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu lakini ndoano bado ina harufu ya oili ya gia, na mama wa sangara ameniambia mteja mmoja amerudisha samaki. Kama kuna mtu Mwanza ana mizani ya springi ya kuazima, aje inbox.